Chapa ya baridi kwa farasi: je, ni kweli haiumi?

Huduma: kumpiga farasi alama ya kudumu kwa chuma kilichopozwa mno.
Wanaoitoa: mamlaka ya Marekani kwa farasi wake wa porini, madaktari wa mifugo, na mafundi wanaozunguka mashambani.
Alama yetu: 7 kati ya 10 kwa farasi mweusi, mwekundu au hudhurungi. 4 kati ya 10 kwa farasi mweupe au kijivu.

Bureau of Land Management ya Marekani, kwa kifupi BLM, hulinda farasi wa porini na punda chini ya sheria ya 1971. Kila mnyama anayekamatwa ili apewe mtu wa kumfuga hupigwa chapa ya baridi upande wa kushoto wa shingo. Katika maelezo yake kwa umma BLM inaisifia chapa hiyo kwa mambo matatu: ni ya kudumu, haigeuziki, na haina maumivu. Mawili ya kwanza tunayakubali. La tatu halisimami.

Chapa ya baridi inauma. Inauma kidogo kuliko chuma cha moto, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kutosha kuichagua. Lakini mwenye farasi anayeambiwa "haiumi" hatauliza dawa, hataangalia saa ya fundi, na hatamchunguza mnyama wake jioni. Kwa hiyo neno hilo moja linamgharimu farasi, na ndilo tunalolipima hapa kabla ya mengine yote.

Mbinu yenyewe ilibuniwa na Dkt. R. Keith Farrell, daktari wa mifugo wa Washington State University, mwaka 1966. Msingi wake ni kwamba chembe zinazoyatia manyoya rangi hufa kwa baridi mapema kuliko mzizi wenyewe wa unywele. Chuma kikikaa muda unaofaa, chembe za rangi zinakufa, mzizi unabaki hai, na manyoya yanaota upya yakiwa meupe. Muda ukipungua, rangi inarudi kama vile hapakufanyika kitu. Ukizidi, mzizi nao unakufa na panabaki upara. Nafasi ya kupatia ni ya sekunde chache tu, na maumivu pia yanategemea sekunde hizohizo.

Maumivu yanakuja lini

Mara ya kwanza ni chuma kinapogusa. Kikitoka kwenye naitrojeni ya kimiminika kina karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Farasi anashtuka: anainua kichwa, misuli ya shingo inakakamaa, wengine wanarudi hatua nyuma. Ni mchomo mkali lakini mfupi. Ndani ya sekunde chache ngozi iliyo chini ya chuma inaganda, na mishipa ya fahamu iliyopoa kiasi hicho haipitishi ujumbe wowote. Ndiyo maana farasi wengi hutulia chuma kikiwa bado shingoni, na ndiyo maana watazamaji wengi huondoka wakiamini kwamba hakuna kilichouma. Walichokiona ni ganzi ya baridi, nayo haikai.

Ikumbukwe pia kwamba si kila mruko ni maumivu. Sauti ya naitrojeni inayochemka, moshi mweupe unaotambaa, spiriti ya baridi inayomwagwa shingoni, na mngurumo wa mashine ya kunyolea humtisha farasi asiyezoea. Kwa mustang, yaani farasi wa porini wa Marekani, aliyekamatwa wiki chache zilizopita, kubanwa kwenye kibanio na kuwa karibu na watu huenda kukawa ndio mzigo mkubwa zaidi wa siku hiyo. Fundi mzuri hutenganisha mambo haya mawili: humzoesha farasi mashine kwanza, hunyoa, humpumzisha, ndipo huleta chuma.

Mara ya pili ni ngozi inapoyeyuka, na hapa ndipo panaposahaulika. Chuma kikiondolewa, alama huonekana kama bonde lililogandia ngozini, gumu na baridi. Dakika chache baadaye damu inarudi, mishipa midogo iliyoumizwa inavuja maji, na mahali palipokuwa bonde panafura na kuwa tuta. Yeyote aliyewahi kushika barafu mpaka vidole vikafa ganzi anajua kwamba uchungu wenyewe huja vidole vinapopata joto. Farasi katika dakika hizo hutikisa kichwa, huvuta ngozi ya shingo kama anafukuza nzi, hukataa kuguswa upande ule, au husimama tu kimya bila kula. Kimya hicho kisichukuliwe kuwa nafuu. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na huficha maumivu anapoona wageni.

Mara ya tatu ni siku zinazofuata. Uvimbe hudumu siku moja hadi nne kwa kawaida, na ngozi huwa nyepesi kuumia ikibonyezwa. Baadaye ngozi ya juu hukauka na kubanduka kama mba kubwa, kati ya wiki ya pili na ya nne. Wakati huo kinachomsumbua ni mwasho zaidi ya maumivu, na farasi anayejisugua kwenye nguzo anaweza kujichubua. Manyoya meupe huanza kuonekana kuanzia wiki ya sita au ya nane, wakati mwingine hata baada ya miezi mitatu.

Tukiyaweka yote pamoja: mchomo wa sekunde chache, kipindi cha uchungu wa wastani wakati wa kuyeyuka, kisha siku kadhaa za ngozi kuuma ikiguswa. Chuma cha moto kinaunguza tabaka za ngozi papo hapo, kinaacha kidonda na harufu ya nyama iliyoungua, na farasi hukumbuka. Watafiti wa Canada waliolinganisha njia hizi mbili kwa ng'ombe miaka ya 1990 waliona kwamba wa chuma cha moto walipapatika zaidi. Vipimo vya joto la ngozi vilionyesha uvimbe pande zote mbili, ila wa chuma cha moto ulikuwa mkali zaidi. Maana yake ni kwamba baridi ni nafuu, lakini nayo inajeruhi. Ng'ombe si farasi, tena ngozi ya farasi ni nyembamba na huhisi hata nzi akitua, kwa hiyo hatuoni sababu ya kudhani kwamba farasi anaumia kidogo kuliko ng'ombe.

Kazi iliyofanywa vizuri inaonekanaje

Wale wanaouliza kama chapa ya baridi inauma wanapaswa kuuliza pia inapigwa na nani. Mikono miwili tofauti, kwa chuma kilekile, inaweza kumpa farasi mmoja siku chache za usumbufu na mwingine jeraha la mwezi mzima.

Manyoya yanyolewe mpaka ngozini, kwa mashine yenye meno ya upasuaji namba 40. Mashine ya kawaida ya kupunguza manyoya haitoshi, kwa sababu hata milimita mbili za manyoya hushika hewa na hewa huzuia baridi isipite. Fundi anayeona kazi ya kunyoa ni kupoteza muda hulazimika kushikilia chuma kwa muda mrefu zaidi, na bado alama hutoka na mabaka. Baada ya kunyoa, vumbi na mafuta ya ngozi husuguliwa kwa spiriti kali, ya asilimia 95 au zaidi. Kisha, sekunde chache tu kabla ya chuma kugusa, spiriti humwagwa tena mpaka ngozi iloe. Spiriti haigandi kwa urahisi na hubeba baridi kutoka kwenye chuma mpaka ngozini kwa usawa. Ukitumia maji, au spiriti dhaifu ya dukani yenye maji mengi, yanaganda kati ya chuma na ngozi na kuwa kizuizi.

Chuma chenyewe kiwe cha shaba nyekundu au shaba ya njano, kichwa kizito, uso wa kugusa wenye upana wa karibu sentimita moja na kingo zilizolainishwa. Shaba hutunza baridi na kuitoa haraka. Aluminiamu hupata joto upesi mno. Herufi za kwenye shingo ni ndogo, kama sentimita 5 kwenda juu. Za begani na kwenye paja ni kubwa zaidi. Herufi zenye vijumba vilivyofungwa, kama 8 au B, zinahitaji vyuma vilivyoachwa mwanya pale mistari inapokutana, la sivyo baridi inajikusanya katikati na kuacha doa moja jeupe lisilosomeka.

Kuhusu muda, fundi asiyekuwa na saa mkononi asikubaliwe. Kuhesabu kwa mdomo hakufai, kwa sababu farasi akianza kusukuma hesabu nayo inakimbia. Kwa naitrojeni, farasi mzima wa rangi iliyokoza huhitaji kwa kawaida sekunde 8 hadi 12. Kwa barafu kavu (kaboni dayoksaidi iliyogandishwa) ndani ya spiriti, ambayo hufikia nyuzi 70 na kitu chini ya sifuri, muda hupanda hadi sekunde 12 hadi 20. Mtoto wa farasi ana ngozi nyembamba na sekunde hupunguzwa. Wanaotoa idadi moja ya sekunde kwa kila farasi, bila kuangalia umri, rangi wala unene wa ngozi, wanabahatisha juu ya mnyama wa mtu.

Mkandamizo uwe thabiti na sawa kwa herufi nzima, chuma kikifuata mviringo wa shingo kwa kuyumbishwa kidogo bila kuteleza. Farasi akijiondoa katikati, chuma kirudishwe mara moja ndani ya bonde lilelile, na kimalizie sekunde zilizobaki tu. Kuanza upya ni kugandisha ngozi mara mbili. Na baada ya siku kadhaa, mtu yeyote asirudie herufi iliyofifia kwa kupiga juu yake. Ngozi hiyo bado imeumia na chembe zake haziwezi kustahimili baridi ya pili, zaidi ya kwamba farasi sasa anajua kinachokuja.

Chuma kiko tayari lini? Kinapoingizwa kwenye naitrojeni, kinachemka kwa fujo. Fujo hiyo ikitulia ghafla na mapovu yakawa machache, kimefikia baridi ya kimiminika. Kwenye spiriti na barafu kavu, alama ni ileile ya mapovu kupungua kwenye chuma, na mara ya kwanza inaweza kuchukua robo saa au zaidi. Kati ya herufi moja na nyingine chuma kilichotumika kirudi na kisubiri. Fundi aliyekuja na seti moja ya vyuma kwa farasi kumi, na anayekimbizana na jua, atapiga wa mwisho kwa vyuma visivyopoa. Hao ndio wanaoachiwa alama zisizosomeka, yaani wameumia bure.

Naitrojeni au barafu kavu

Tunapendelea naitrojeni, na sababu kubwa ni farasi mwenyewe: sekunde za kumshikilia ni chache kuliko za barafu kavu, nafasi ndogo ya kuteleza, alama yenye kingo safi. Ubaya wake ni kwamba kosa la sekunde mbili linalipiwa upara, ambapo kwenye barafu kavu kosa hilohilo lingesamehewa. Kwa mikono inayojifunza, barafu kavu ni salama zaidi kwa ngozi. Inasagwa ndogondogo na kumwagwa taratibu ndani ya spiriti mpaka vipande vibaki chini bila kuisha, na spiriti ifunike vichwa vya vyuma kwa sentimita kadhaa. Mtu yeyote asivute sigara karibu, kwa kuwa ndoo hiyo ni mafuta ya kuwaka.

Naitrojeni inakwisha haraka kuliko watu wanavyopanga. Kupoza kilo moja ya shaba kutoka joto la kawaida kunachemsha karibu nusu lita, kabla ya kuhesabu inayopotea hewani na inayopoza chombo chenyewe. Vyuma sita vizito vinaweza kumaliza lita kadhaa kabla farasi wa kwanza hajaguswa. Naitrojeni ikipungua katikati ya kazi, sehemu ya chuma inabaki juu ya kimiminika, na herufi inatoka nusu nyeupe nusu rangi ya zamani. Pia lita moja ya naitrojeni ikiwa gesi hutanuka takribani mara 700 na kuifukuza hewa ya kupumua. Kazi ifanywe nje au kwenye banda lililo wazi pande zote, kamwe si ndani ya chumba cha farasi kilichofungwa, na chombo kisizibwe kwa kifuniko kisichopumua.

Wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaijua naitrojeni kupitia uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, kwani mbegu za madume kutoka vituo vya Kabete na Usa River husafiri ndani yake. Tahadhari moja kwao: mtungi wa mhimilishaji una shingo nyembamba na haupokei chuma cha chapa. Naitrojeni lazima imiminwe kwenye kasha pana la povu gumu, lenye kuta nene, lililowekwa ndani ya sanduku la mbao lisipinduke. Kasha la plastiki tupu hupasuka kwa baridi hiyo, na naitrojeni ikaishia kwenye viatu vya fundi. Glavu ziwe pana za kuvulika mara moja, suruali ifunike nje ya buti isiwe imechomekwa ndani.

Farasi mweupe na kijivu: hapa tunashusha alama

Juu ya manyoya meupe, alama nyeupe haionekani. Kwa hiyo fundi hulazimika kuua mzizi wa unywele ili herufi ibaki kama ngozi tupu. Kwa naitrojeni hiyo huwa sekunde 15 au zaidi. Baridi huingia chini zaidi, uvimbe ni mkubwa, gamba ni nene, na kupona kunachukua muda mrefu. Sifa ya "nafuu kuliko moto" inapungua kwa kiasi kikubwa. Upara huo pia hauna manyoya ya kuukinga na jua wala chembe za rangi, na katika nchi ya jua kali ni ngozi inayoungua kila kiangazi.

Kuna mtego mwingine ambao mafundi wazembe huwaingiza wateja. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi iliyokoza, nyeusi au hudhurungi au nyekundu, kisha huwa mweupe mwaka hadi mwaka. Ukimpiga akiwa mdogo kwa muda wa farasi mweusi, alama itapendeza kwa miaka michache, halafu itazama ndani ya weupe. Kabla ya kupiga, iulizwe rangi ya mama na baba yake: farasi wa kijivu lazima awe na angalau mzazi mmoja wa kijivu. Fundi asiyeuliza swali hilo hajui kazi yake.

Kwa farasi wa namna hii ushauri wetu ni chipu. Chipu ya farasi ni ndogo kama punje ya mchele. Huingizwa kwa sindano kwenye ukano mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, chini ya singa, katikati ya utosi na mwanzo wa mgongo. Ina namba ya tarakimu 15 na husomwa kwa kisomeo cha masafa ya 134.2 kilohezi. Mchomo ni mmoja. Watafiti wa Denmark waliolinganisha chipu na chuma cha moto kwa farasi, mwaka 2009, waliona chipu ikisababisha karaha ndogo kwa mbali. Jockey Club ya Marekani, inayosajili farasi wa mbio, inadai chipu kwa watoto wa farasi waliozaliwa kuanzia 2017, na England imelazimisha chipu kwa karibu farasi wote tangu Oktoba 2020.

Kwa nini basi mtu aendelee kupiga chapa? Kwa sababu chipu haionekani. Mwizi haioni, jirani haioni, na mlinzi wa mnadani asiye na kisomeo haioni. Chapa husomwa kwa macho kutoka ng'ambo ya uzio. Kwa BLM, ambayo inafuatilia maelfu ya wanyama wasiokubali kusogelewa, hoja hiyo ina uzito. Mfumo wake wa pembe ni kazi ya akili: badala ya tarakimu za kawaida, ambazo mwizi angeweza kugeuza 3 kuwa 8, hutumia pembe na mistari, na kila namna inavyogeuzwa ina thamani yake. Huanza na alama ya serikali, kisha tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa zikiwa moja juu ya nyingine, halafu namba ya mnyama. Uingereza walichagua herufi na tarakimu za kawaida mgongoni, mahali pa tandiko, na huweka herufi L ndani ya duara kwa farasi ambaye mwenyewe ameshalipwa na bima kwa kuwa mnyama hafai tena kazi. Mgongoni, farasi asitandikwe mpaka gamba litoke lenyewe. Shingoni anaweza kurudi kazini mapema, mradi hatamu na blanketi havigusi alama.

Kwa punda hesabu inabadilika kidogo. Wengi wao ni kijivu, na alama nyeupe kwao huonekana hafifu, mara nyingine mpaka wanyolewe kwanza. BLM huwapiga hata hivyo. Palipo na wizi wa punda, na ambapo njia iliyozoeleka ni chuma cha moto, kubadilisha kwenda baridi ni nafuu ya kweli kwa mnyama. Lakini asiambiwe mwenye punda kwamba alama itang'aa kama ya farasi mweusi.

Dawa, na jinsi ya kumsoma farasi baadaye

Huduma nyingi huuzwa bila dawa ya maumivu, na hapo ndipo tulipokata alama tatu hata kwa farasi wa rangi iliyokoza. Ganzi ya baridi inamkinga farasi kwa dakika chache tu. Anachohitaji ni dawa ya kupunguza uvimbe itakayokuwa tayari mwilini ngozi inapoyeyuka, yaani itolewe kabla ya chuma. Daktari wa mifugo kwa kawaida huchagua fluniksini au meloksikamu. Fluniksini ya sindano kwa farasi huingizwa kwenye mshipa wa damu, na kazi hiyo ni ya daktari peke yake: ikichomwa kwenye misuli inaweza kuleta maambukizi mabaya ya kuozesha nyama, na sindano ya shingoni ikiingia kwenye ateri kwa bahati mbaya farasi huanguka papo hapo.

Farasi mwoga apewe pia dawa ya kutuliza, kama zailazini au detomidini. Ieleweke tu kwamba aliyetulizwa anaweza bado kuruka akiguswa, na mara nyingi teke lake huja bila onyo. Kibano cha mdomo kinatumiwa na wengi. Kinafanya kazi kwa dakika chache, ila kikiwa ndicho njia pekee ya kumtuliza farasi, fundi anaficha maumivu badala ya kuyapunguza. Kuhusu ganzi ya sindano chini ya ngozi, faida yake ni ndogo hapa: inahitaji michomo kadhaa, na maji yake huivimbisha ngozi ambayo chuma kinaihitaji ikiwa tambarare.

Saa chache za kwanza ziangaliwe usoni. Watafiti wa Italia na wenzao walichapisha mwaka 2014 kipimo cha uso wa farasi chenye mambo sita: masikio yaliyokazwa kuelekea nyuma, kope zilizobana, mkunjo juu ya jicho, misuli ya kutafuna iliyotuna, mdomo uliokazwa hadi kidevu kujitokeza, na pua zilizovutwa. Ishara mbili tatu kati ya hizo, zikidumu baada ya saa moja, zinatosha kumpigia daktari simu. Asipakwe mafuta, asipakwe dawa ya kienyeji, wala pasioshwe kwa maji ya moto. Uvimbe ukizidi siku ya tano badala ya kupungua, au ukitoa usaha, hiyo si chapa ya kawaida tena.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, aombwe picha za farasi wake wa mwaka jana, si za wiki iliyopita. Alama mpya zote zinafanana, maana ni mabonde na uvimbe tu. Ubora unajulikana manyoya yakishaota: mistari iwe myeupe mfululizo, kingo zimekatika sawasawa, na katikati pasiwe na doa tupu. Kisha aulizwe mambo mawili, na majibu yasikilizwe vizuri. Sekunde ngapi kwa farasi huyu, na kwa nini? Dawa ya maumivu inatolewa lini, na nani anaitoa? Akijibu swali la pili kwa kusema kwamba chapa ya baridi haiumi, atafutwe mwingine.